Ghala la Mafaili la Lwambizi

Isome polepole mpaka mwisho, kisha mtumie unayemjali.

Nyamizi alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya milimani. Kila zahanati ya jirani ilikuwa na ghala lake, yaani mashine ya kuhifadhi mafaili. Zamani fundi aliyemtangulia aliziunganisha na hospitali kwa mkono, moja moja. Alipostaafu, hakuna aliyeziunganisha tena.

Asubuhi moja Nyamizi akaingia ndani kabisa ya kompyuta kuu, kwenye kiini cha mfumo wake, akauwezesha kufungua maghala hayo wenyewe. Ukitaja tu jina la zahanati, mafaili yake yanakuja.

Akajaribu. La kwanza likafunguka. La pili pia. La tatu lilikuwa la Lwambizi, na hapo vidole vikasita.

Zahanati ya Lwambizi ilifunikwa na maporomoko ya udongo siku kumi na mbili nyuma. Watafutaji walirudi mikono mitupu. Matanga yalikwisha anuliwa.

Akabonyeza, akitarajia kuona kosa.

Likafunguka.

Mlikuwa na faili moja, lenye tarehe ya asubuhi hiyohiyo. "Siku ya kumi na mbili. Tuko wanne. Maji yanakwisha."

Akamwita mkuu wake, Mzee Kahabi.

"Funga hiyo, mwanangu," mzee alinong'ona. "Wafu hawaandiki. Mashine imechanganya tarehe."

"Na kama si mashine, mzee?"

"Basi ni jambo baya zaidi. Funga!"

Mzee akatoka bila kugeuka nyuma. Nyamizi akaongeza mstari chini ya faili: "Nani anaandika?"

Akangoja. Alipolifungua tena, palikuwa na maneno mapya.

"Theonesta, muuguzi. Usifunge."

Nyamizi alitoka mbio akipiga kelele. Kufikia alasiri watu wenye majembe walikuwa Lwambizi wakichimba. Chumba cha nyuma, chenye mashine ya mafaili, kilikuwa kimesimama chini ya tope; sola na antena zilikuwa zimebaki juu. Wakatolewa wanne: muuguzi, bibi mmoja, mzazi, na kichanga cha siku tisa.

"Dada, kwa nini uliendelea kuandika na hakuna aliyejibu?" Nyamizi alimuuliza.

Theonesta alifumba macho, jua likimuumiza. "Ningeacha, ningekuwa nimekubali kwamba nimekufa."

Funzo: Usimzike mtu kabla hujabisha hodi kwake, hata kama unaogopa atakayeitikia.