Jino Lililonyamaza

Binadamu huogopa kinachopiga kelele. Mbwa akibweka tunamwokotea jiwe, mtoto akilia tunambeba, jino likiuma tunashika shavu na kutangazia mtaa mzima. Kilichonyamaza hatuna habari nacho, tunadhani kimeridhika. Wahenga waliliona kosa hilo mapema wakatuachia onyo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, yaani jambo linalotulia muda mrefu huenda linaandaa kishindo. Gibson wa Tandika aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, tena aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa. Haikumsaidia kitu.

Gibson alikuwa mpigaji wa kwanza katika kundi la matarumbeta la kanisa lao, kundi ambalo siku za Jumamosi lilialikwa kwenye harusi za watu. Wapigaji walisimama nyuma ya pikapu, wakapuliza mbele ya gari la maharusi hadi ukumbini. Jumamosi moja ya Januari, wakiwa njiani kwenda Mbezi Beach, dereva alilivaa tuta bila kupunguza mwendo. Pikapu iliruka, na kila tarumbeta likarudi kwenye meno ya mwenyewe. Gibson aliona nyota mchana kweupe. Ansbert, mpigaji wa pili aliyekuwa amesimama ubavuni pake, alitema damu, akacheka, wimbo ukaendelea. Harusi haisimami kwa ajili ya meno ya watu.

Kwa wiki tatu jino la mbele la Gibson lilimtesa. Maji baridi yalimchoma hadi utosini, na chai aliinywea upande mmoja wa mdomo. Mkewe, Sekela, alimsihi kila asubuhi.

"Baba Clara, nenda kwa daktari wa meno akuangalie."

"Wale kazi yao kung'oa tu," Gibson alijibu. "Wakining'oa la mbele, tarumbeta nitalipulizaje? Mie sio mpiga ngoma."

Wiki ya nne jino likanyamaza. Gibson alifurahi kama aliyefutiwa kesi. Alikunywa maji ya barafu glasi nzima, makusudi kumkoga mkewe.

"Unaona? Limepona lenyewe."

Kufikia Aprili, jino lile lilikuwa limegeuka rangi likafanana na chai ya rangi. Sekela aliliona, akasema. Gibson alisema ni uzee, kisha akajifunza kucheka mdomo ukiwa umefumbwa. Jino halikumuuma, na kwake hilo lilitosha.

Mwezi Agosti binti yao wa pekee, Clara, alikuwa anaolewa. Hakuomba makubwa. Alitaka tu, atakapokuwa anaingia ukumbini, baba yake mwenyewe ampulizie wimbo aliokuwa akimwamshia kwenda shule alipokuwa mdogo. Gibson aliufanyia mazoezi mwezi mzima, na majirani waliukariri hadi wakauchoka.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Sekela aliamka akamtazama mumewe, akarudi nyuma hatua mbili. Mdomo wa juu wa Gibson ulikuwa umevimba hadi puani, na jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuzibika. Gibson alipojitazama kwenye kioo, uso ule hakuujua. Jino lililolala miezi sita sasa lilikuwa likipwita, na kila pigo lilimfikia sikioni.

Kliniki ya meno waliyokimbilia ilikuwa hukohuko Temeke, si mbali na nyumbani. Daktari aliitwa Najma, msichana wa umri wa Clara.

"Shikamoo baba. Lilianza kuuma lini?"

"Marahaba. Leo alfajiri. Kabla ya hapo lilikuwa zima kabisa."

Sekela alimkatiza, akamweleza daktari habari ya tuta na tarumbeta. Najma aliligusisha jino pamba yenye baridi kali. Gibson hakuhisi chochote. Kisha alimpiga picha ya eksirei, akamwonyesha. Juu ya mzizi wa jino palikuwa na duara jeusi kama tundu.

"Hiki nini?" Gibson aliuliza.

"Hapo palikuwa na mfupa, baba."

Gibson alimtazama daktari, akaitazama picha, akamtazama mkewe.

"Ulipogongwa, kiini cha ndani ya jino kilijeruhiwa," Najma alieleza. "Maumivu yalikuwa yanakuita. Yalipokoma, kiini kilikuwa kimekufa. Kikaoza humo ndani, uchafu ukatokea kwenye ncha ya mzizi, ukala mfupa polepole."

"Lakini tangu hapo halikuuma hata siku moja."

"Maiti haiumwi, baba."

Gibson alifumba macho. "Basi ling'oe yaishe."

"Siling'oi. Mzizi wake ni imara. Nitalitoboa kwa nyuma, nitatoa usaha na kuusafisha mzizi kwa ndani, kisha nitaweka dawa. Ukirudi baadaye, nitauziba hadi ncha. Utakaa nalo miaka."

Gibson alistaajabu kuliko alivyostaajabia uvimbe. Miezi yote hiyo alikuwa akimkimbia mtu ambaye angeliokoa jino lake. Aliushika mkono wa kiti, akapiga moyo konde, lakini jino lilitobolewa asihisi maumivu. Usaha ulitoka na harufu iliyomtia aibu mbele ya mkewe, na mpwito ukapungua palepale.

"Kwa hiyo kesho naweza kupuliza?"

"Angalau wiki mbili usiguse tarumbeta," Najma alisema, akimwandikia vidonge.

Jumamosi Clara aliingia ukumbini. Wimbo ulipigwa na Ansbert, tena vizuri sana. Clara aligeuka kumtafuta baba yake kwenye kundi, akamkuta amekaa kwenye kiti cha wazazi, uso umevimba, tarumbeta mapajani. Gibson alilia, na waalikwa walidhani ni furaha.

Aliyatimiza matibabu hadi jino likazibwa. Jumamosi ya kwanza aliyoruhusiwa kupuliza, alifika mazoezini kanisani asubuhi na mapema. Ansbert alimpokea kwa kicheko.

"Pole sana, kaka. Mie siku ile ya tuta langu nalo liliuma, likanisumbua kama mwezi hivi. Nikavumilia tu, likapoa lenyewe. Tangu hapo sijasikia hata kidogo."

Gibson alimvuta Ansbert hadi dirishani penye mwanga, akamwambia afungue mdomo, akaunyanyua mdomo wa juu kwa kidole. Jino la mbele lilikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Aliliweka tarumbeta lake kwenye benchi bila kulipuliza, akamshika mwenzake mkono, akaanza kumkokota kuelekea barabarani.

"Kaka, tunaenda wapi? Nimekwambia halijaniuma tangu mwezi wa pili."

"Nimekusikia," alisema Gibson bila kumwachia mkono. "Ndiyo maana tunakwenda leo, Ansbert. Kimya kingi kina mshindo mkuu."