Skrini Inasema Umeme Upo

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja, injinia, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini kubwa na kuutazama umeme wa mji mzima. Sasa mji una nguzo maelfu, nani atafunga mita kila nguzo? Basi zilifungwa chache, kompyuta ikawa inazisoma hizo na kukisia mitaa iliyobaki. Ikikisia kwamba mtaa una umeme, inaupaka rangi ya kijani. Injinia wetu akiona kijani, anakunywa chai yake, roho imetulia.

Jumamosi moja simu ikalia. Mkewe.

"Baba Nsia, umeme umekatika tangu asubuhi! Samaki wa wageni wanaharibika!"

Na wageni wenyewe si wa mchezo. Ni washenga, wanakuja jioni ile ile kuchukua jibu la posa ya Nsia, binti wa injinia wetu. Jibu bwana alikuwa nalo tayari: ndiyo.

Akatupia skrini jicho. "Mama Nsia, umeme upo. Mtaa wetu kijani kabisa."

"Nakwambia friji imezima, maji yanatiririka mpaka sebuleni!"

"Umetazama vizuri lakini? Kompyuta haikosei."

Mama wa watu akavuta pumzi. "Haya. Basi nikuletee samaki hapo kazini, uwaweke kwenye hiyo skrini."

Mnacheka! Ngojeni kwanza.

Jioni bwana anarudi, harufu ikampokea barabarani. Ndani washenga wameketi kwa adabu zote, leso puani. Akapiga simu kazini, moto unamtoka. Wakamweleza kwamba mita ya mtaa wake imekufa tangu masika, na kompyuta ikikosa habari hujazia kwa mazoea: huku huwa kuna umeme, basi upo.

"Ujinga gani huu!" akafoka mbele ya wageni. "Mtu yuko gizani, badala ya kumwuliza, mnamjazia jibu!"

Nsia alikuwa ameshika jagi, anataka kunawisha wageni. Akaliweka chini.

"Baba, na mimi hujaniuliza."

"Nikuulize nini, mwanangu? Si nakuona kila siku unacheka?"

"Unaniona ukiwa unapita kwenda kulala. Huyo kijana simtaki, baba. Nilimtuma mama akwambie, ukamjibu, 'Aah, yule yuko sawa, namjua.'"

Washenga wakaaga, na nadhani kwa harufu ile walishukuru kuruhusiwa.

Na sisi je, wapendwa? Si tunaulizana "Habari za nyumbani?" huku mguu umeshapita, na jibu tumeshajijazia wenyewe: nzuri? Huyo uliyekaa naye benchi moja hapo, umempaka kijani tangu lini? Kukisia si dhambi, hatuwezi kulala kila nyumba. Lakini mtu akikwambia kwa kinywa chake, "Niko gizani," nawe ukamwambia unaona mwanga, umemzimia hata kile kibatari alichobaki nacho.

Leo ukifika nyumbani, mwulize mmoja wa kwako habari zake. Halafu vuta kiti, ukae, mpaka akujibu.