Ufunguo Uliofutwa kwenye Gari la Mwalimu Mayunga

"Kama ni mimi niliyeiba ufunguo, gari nalipeleka wapi, na mimi kuendesha sijui?"

Nyamizi aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni. Sebuleni walikaa watu kumi na mmoja, kikao kizima cha familia ya Mwalimu Mayunga, na hakuna aliyemjibu. Mmoja alikohoa. Mwingine aliomba chai iongezwe, na wa kuiongeza ni yeye huyo huyo aliyekuwa anaitwa mwizi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwalimu Mayunga, mkuu wa shule mstaafu pale Tabora, alikuwa na gari moja na funguo mbili. Mmoja haukutoka mfukoni mwake. Wa pili, wa akiba, ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kwa miezi miwili, kila Jumatatu asubuhi, alikuta mafuta yamepungua na tairi zina tope jekundu ambalo Jumamosi halikuwepo. Alipokumbuka kwenda kuutazama ule msumari, ulikuwa mtupu.

Jumapili nyumba ile hubaki bila mtu. Mwalimu na mkewe, Mama Kulwa, huenda kanisani kwa miguu na kukaa huko mpaka saa nane mchana, gari likibaki nyumbani. Nyamizi, aliyewapikia na kuwafulia kwa miaka tisa, huenda Ipuli kumwona mama yake. Ufunguo wa geti hufichwa chini ya ndoo ya maua, na ukoo mzima unajua.

Ukoo mzima! Lakini aliyeitwa kujibu alikuwa mmoja tu.

"Atakuwa anampa mwanaume wake," alisema Luhende, mdogo wake Mwalimu, mwenye sauti kubwa kuliko wote siku ile. "Kaka, huyu mmemzoea mno."

"Shemeji, ana miaka tisa hapa," Mama Kulwa alijaribu.

"Miaka tisa inatosha kujua kila msumari, shemeji."

Watu wakacheka. Ikaamuliwa kwamba mwisho wa mwezi Nyamizi aondoke.

Alirudi kwenye karai lake akaendelea kufua. Kilichomuuma ni jina. Mji wenyewe si mkubwa hivyo, na mwanamke akitolewa kwenye nyumba ya watu kwa wizi, nani atamfungulia jiko lake?

Ijumaa Mwalimu alimwita fundi wa funguo. Akaja Zena na pikipiki yake, begani kabeba mkoba wenye kompyuta.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kadi ya gari na kitambulisho chako."

"Zena! Mimi? Si nimekufundisha darasa la sita?"

"Na fimbo zako nazikumbuka. Lete kadi."

"Kwani hunijui?"

"Nakujua vizuri sana. Ila naomba kadi kwa kila mtu. Hata mama yangu mzazi nilimwomba, akaninunia wiki nzima."

Nyamizi, aliyekuwa anaanua nguo, alisimama akasikiliza. Kumbe inawezekana kumuuliza kila mtu.

Kadi ikaletwa. Zena akauinua ufunguo wa Mwalimu juani. "Haya meno yanafungua mlango tu. Humu kwenye kichwa chake kuna chipu ndogo kama punje ya mchele. Ukiuchomeka, gari linauliza, chipu inajibu. Jibu likiwa lile gari linalolikumbuka, injini inawaka. Kwa hiyo nichonge mpya na kuuongeza kwenye kumbukumbu, au nifute kumbukumbu yote, kisha niandikishe upya huu wako na huo mpya tu?"

"Ongeza tu, tumalize. Mwizi tumeshampata."

"Na ule uliopotea?" Nyamizi aliuliza kutoka kwenye kamba ya nguo. "Fundi, ukifuta, ule utafanya nini?"

"Utafungua mlango, dada. Injini haitawaka."

Nyamizi akaweka nguo chini.

"Mwalimu, mmenihukumu, sawa. Naomba kitu kimoja. Futeni, na asiambiwe mtu yeyote nje ya sisi na mama, hata kama ni ndugu. Asiye na ule ufunguo hataona tofauti. Mwenye nao ndiye pekee atakayejua kwamba gari limegoma."

Mwalimu alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto wa dawati la nyuma aliyetoa jibu ambalo yeye mwenyewe hakuliandaa.

"Futa," akamwambia Zena.

Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi tairi zilikuwa safi, mafuta yako pale pale.

"Unaona?" Mwalimu alimnong'oneza mkewe. "Ameogopa, ameacha."

Nyamizi alisikia. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliimeza. "Mwalimu, gari linawaka. Twende basi tukawasalimie wote waliokaa kwenye kikao. Wote, kama Zena na kadi zake."

"Twende," alisema Mama Kulwa kabla mumewe hajafungua mdomo. "Mimi nakaa nyuma."

Shangazi aliwapokea kwa habari za magoti yake. Gari hata hakulitazama. Binamu aliomba lifti mpaka stendi, akapewa. Nyumba ya tatu haikuwa nyumba, lilikuwa duka la mbolea la Luhende. Alitoka na kalamu sikioni, akasimama ghafla, macho kwenye boneti inayonguruma.

"Kaka! Limewaka?"

Mwalimu akazima injini polepole. "Kwani lilikuwa haliwaki?"

"Si... nilidhani betri..."

"Betri imefanya nini, Luhende?"

Luhende akamtazama Mama Kulwa, akamtazama Nyamizi, akakosa pa kuweka macho.

"Kaka Luhende," Nyamizi aliuliza kwa upole, "ufunguo uko droo gani?"

Ulikuwa droo ya risiti. Ulitoka ukiwa bado na uzi mwekundu ambao Nyamizi mwenyewe aliufunga ili usipotee.

"Nilikuwa nawapelekea wateja mbolea vijijini, kaka. Jumapili tu. Ningeurudisha."

"Na kwenye kikao ulikuwa unarudisha nini?" Mama Kulwa akamuuliza.

Njiani Mwalimu alisema, "Nisamehe, mwanangu. Basi, yameisha."

"Hayajaisha, Mwalimu. Mliniita mwizi mbele ya watu kumi na mmoja. Naomba nisafishwe mbele ya hao hao kumi na mmoja."

Mwalimu hakubisha. Jumamosi wote waliitwa, na wote walikuja. Luhende alisema alichofanya, safari hii kwa sauti ndogo mpaka shangazi akamwambia arudie. Kisha Mwalimu akasimama.

"Nyamizi alituuliza swali humu ndani, tukanyamaza. Lilikuwa swali zuri. Kama tungelijibu, ingebidi tutazamane sisi kwa sisi, na hatukutaka. Nyamizi, hukuiba kitu. Tumekukosea, na mimi ndiye wa kwanza."

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kochi, kwa mara ya kwanza katika kikao cha nyumba ile. Chai siku hiyo aliimimina Luhende, na sukari akasahau, ikabidi arudi jikoni mara mbili.

Ufunguo mpya Mwalimu alimkabidhi Nyamizi mkononi, pamoja na barua ya kumwandikisha chuo cha udereva. Alipopata leseni, Jumapili ya kwanza aliwashusha kanisani, akashika usukani kuelekea Ipuli kumchukua mama yake.

"Sasa sikilizeni," aliwaambia kupitia dirishani, akicheka. "Kuanzia leo mkinishuku, angalau mtakuwa na sababu."

Funzo: Kosa likitokea, swali unalomuuliza asiye ndugu yako muulize na ndugu yako, tena kwa sauti ile ile.

Na wewe uliyetumiwa hii, kama kuna mtu ulimtuhumu mbele za watu na baadaye ukajua hakukosa, nakuomba urudi mbele ya watu wale wale umsafishe.