Vibrafoni ya Kaka

Kuinama si kazi ya mgongo peke yake. Wapo watu wanaoinama kutwa wakifagia na kudeki, lakini nafsi zao hazijashuka hata siku moja. Wahenga waliposema kwamba anayekitaka kilichojificha chini ya kitanda hana budi kujikunja, waliwakusudia hasa watu wa namna hiyo, na Madamu alikuwa mmoja wao.

Madamu alifundisha muziki shuleni kwa miaka thelathini na mmoja. Alisoma nota kama wengine wanavyosoma gazeti, na kwaya zake zilirudi na vikombe mpaka kabati la mwalimu mkuu likajaa. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele, hakujua kusoma nota hata moja. Yeye alipiga vibrafoni, ala yenye vipande vya chuma vilivyopangwa kama piano, vinavyogongwa kwa vijiti vyenye vichwa vya uzi. Chini yake pana kanyagio. Ukilikanyaga, sauti inaendelea kulia, ukiliachia, inakatika.

Ala hiyo ilikaa katika karakana ya fundi makochi. Kila Jumapili alasiri watu wanne, yaani Kengele, nesi mmoja mpiga saksafoni, mpiga ngoma na fundi mwenyewe kwenye besi, walisogeza viti visivyokwisha kushonwa, wakapiga jazi mpaka jua likapungua. Zilikuwa siku tamu jamani. Majirani walifungua madirisha, na hata waliokuwa wamenuniana walijikuta wakitingisha vichwa pamoja.

Kengele alipofariki, wenzake waliamua vibrafoni ibaki palepale mwaka mzima. Mtu wa ukoo wake akiweza kuupiga pamoja nao wimbo alioutunga marehemu, ala ni yake. Asipoweza, itapewa bendi ya mji mwingine. Wimbo wenyewe haukuandikwa popote, na Madamu aliutaka kuliko kitu chochote duniani, kwa kuwa ndio uliobaki wa kaka yake.

Watu wale walikuwa na desturi yao. Mpigaji akiharibu, hakukaripiwa. Kila mmoja aliweka ala yake chini taratibu, mpaka mharibifu akabaki anajisikia mwenyewe. Jumapili yake ya kwanza, Madamu alishika vijiti vinne kwa mbwembwe, akaling'ang'ania kanyagio kama kupe, akamwaga nota zote alizozijua. Sauti zikapandana kama sufuria zinazoporomoka kabatini. Nesi akaweka saksafoni yake chini. Mpiga ngoma akafuata. Fundi Makochi akaegemeza besi ukutani, na Madamu akabaki na kelele zake.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Fundi alimwambia kwa upole kwamba anayeujua mkono wa Kengele ni mmoja tu: Sindano, mama aliyeshona foronya za makochi mlemle karakanani, ambaye marehemu alikuwa akimfundisha saa za mapumziko. Sindano alikuwa mwanafunzi wake zamani. Ni Madamu mwenyewe aliyemtoa kwenye kwaya mbele ya darasa zima, akamwambia hana sikio, na tangu siku ile Sindano hakuthubutu kupiga wala kuimba mbele ya watu.

Miezi miwili Madamu alijifundisha nyumbani kwa kugonga meza. Meza haikumfundisha kitu. Mwishowe alimwendea Sindano asubuhi, kabla wateja hawajafika, akamwomba amfundishe, ila iwe siri yao. Sindano akakubali.

Kwanza alimnyang'anya vijiti. Wiki tatu nzima Madamu alifundishwa mguu tu, bonyeza, achia, kama anayeshona kona ya mto kwa cherehani.

"Mguu ndio unaoimba, Madamu," alimwambia. "Mkono unagonga tu. Na polepole, hatufukuzi kuku."

Baadaye akampa kijiti kimoja, kisha viwili. Jumapili zikapita, na wenzake wakawa wanakawia kuweka ala chini. Lakini katikati ya wimbo wa Kengele palimshinda. Pale marehemu alinyamaza kabisa, akaiacha besi ipite, ndipo akagonga nota moja. Kila mara Madamu aliwahi. Sindano alimweleza kwamba pale hapafundishiki wakiwa wawili, kwa kuwa besi lazima iwepo na wenzake wote wawepo. Madamu alimwelewa vizuri, akajitia hamnazo.

Mwaka ukatimia. Walipiga wimbo ule, wakafika katikati, na Madamu akawahi tena. Nesi akaanza kuteremsha saksafoni. Madamu akainua mguu, sauti zikakatika, akageuka kumtazama Sindano kwenye kona yake.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyesema huna sikio. Nilikosea, tena mbele za watu. Leo nakuomba mbele za watu hawa: njoo unifundishe."

Sindano aliinuka, akakung'uta nyuzi kwenye gauni lake.

"Miaka ishirini na sita nalingoja neno hilo," alisema. "Haya, anzeni tena."

Alisimama nyuma ya mwalimu wake, akamwekea mkono begani. Walipofika katikati, Madamu akaachia kanyagio, akanyamaza. Besi ikaanza kupita. Alihisi mkono ule ukimzuia, ukimzuia bado, kisha ukambonyeza. Akagonga. Nota moja ikalia, ndefu na safi, vilevile kama Kengele alivyokuwa akiigonga, na Madamu akalia machozi bila kujificha huku akiendelea kupiga mpaka mwisho. Safari hii hakuna aliyeweka ala yake chini, na vibrafoni ikawa yake.

Nota ile haikuwa katika kitabu chake chochote. Ilikuwa kwa mshona foronya ambaye Madamu alimfukuza, na asingeipata kamwe kama asingemwomba hadharani. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.