Chungu cha Mama Mghoi na Waya Usiovuka

Niwape, nisiwape?

— Tupe, Bibi!

Basi sogeeni, na wewe toa kidole kwenye maharage, hayajaiva. Kale, kale ile ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado inatambaa, nchi haikuwa na mstari. Mto ulikuwa mto, mlima ulikuwa mlima. Kisha wakaja watu wenye rula. Wakaikata ardhi kama mkate: huku kwa Mwingereza, kule kwa Mjerumani. Waliuliza mtu? Hawakuuliza hata mbuzi.

Kila mmoja akasimika jiwe lake, na mahali pale pakaitwa Mawe Mawili. Kati ya jiwe na jiwe, hatua kumi na nne. Hebu wewe mwenye miguu mirefu, inuka, hesabu toka hapa jikoni hadi kwenye banda la kuku. Ngapi?

— Kumi na nne, Bibi!

Umeona ilivyo karibu? Ikumbukeni hiyo, maana kwa hatua hizo tu alikufa mtu.

Mwingereza akavuta waya wa simu toka pwani hadi kwenye jiwe lake. Mjerumani akavuta wa kwake hadi kwenye jiwe lake. Karani anagonga chuma huku, ta-ta, taa, na kule mbali, safari ya siku kumi kwa miguu, chuma kinaitikia ta-ta, taa, na karani mwingine anaandika maneno. Ajabu! Lakini nyaya zile mbili hazikugusana. Kwa nini?

— Waya uliisha?

Ungeisha ningewasamehe. Ulibaki mwingi, umejiviringisha pale kama chatu aliyeshiba. Kilichokosekana ni nguzo moja. Nguzo moja ya katikati! Akiisimika Mwingereza, Mwingereza ndiye atakayepanga bei ya kila neno linalopita. Akiisimika Mjerumani, bei ni ya Mjerumani. Basi wakubwa wakapiga mahema, wakafanya meeting. Miezi mitatu, meeting! Watu waliosoma hadi macho yakahitaji vioo, very serious, wanagombania nguzo.

Yule wa Kiingereza watu walimwita Bwana Kofia. Yule wa Kijerumani, Bwana Masharubu.

"Nusu rupia kwa neno!" anasema Bwana Kofia.

"Nein! Robo, na nguzo ni yangu!"

"Impossible!"

Wanakunywa chai. Kesho yake: "Nein!" "Impossible!" Chai. Na kila upande askari na bunduki, wasiruhusu karatasi kuvuka hata moja. Maana neno la kwanza litavuka kwa bei ya fulani, na bei hiyo ndiyo itakayokuwa desturi. Mnashangaa? Bado.

Katikati ya hatua zile kumi na nne alikaa mama mmoja wa Kitaita, Mkawasi, anauza uji. Alikaa hapo kwa akili yake: hapo ni kwa nani? Si kwa mtu. Basi wateja wa pande zote walimfikia bila kibali. Alikuwa na chungu cha chuma cha miguu mitatu, kizito, ukikigusa kinalia kama kengele. Na alikuwa na binti mmoja tu, Mghoi, aliyeolewa upande wa Mjerumani, kijiji cha Bondeni, chini kabisa kandokando ya mto, penye kituo cha waya wa Mjerumani. Mghoi alikuwa amejifungua. Mtoto ana siku kumi na mbili.

Wateja wake wakubwa walikuwa makarani wawili wa waya. Mwakio, wa upande wa Mwingereza. Mchome, Mpare, wa upande wa Mjerumani. Walikaa pande mbili za chungu, wakigonga vikombe kwa vijiko. Ta-ta, taa. Kisha wanacheka.

"Mnanisema," anasema Mkawasi.

"Hapana, Mama Mghoi!"

"Mnanisema. Huyu kagonga, yule kaangalia ndani ya kikombe. Mmesema uji hauna sukari."

Mchome akapaliwa. Kweli ndivyo walivyosema!

Sasa sikilizeni. Siku moja asubuhi, jua ndiyo kwanza limepanda, chuma cha Mwakio kikaanza kulia. Neno linatoka kituo cha mlimani, upande huo huo wa Mwingereza, kwenye ziwa: UKUTA WA ZIWA UMEPASUKA. MAJI YATAFIKA BONDENI ALASIRI. HAMISHENI WATU.

— Bondeni kwa Mghoi!

Bondeni kwa Mghoi. Mwakio akakimbia na karatasi hadi hemani. Bwana Kofia akaisoma. Akaipeleka mezani. Bwana Masharubu akaisoma. Nyie, wote wawili waliisoma! Wanajua kusoma!

"Ni jambo la kusikitisha sana," anasema Bwana Kofia. "Maneno kumi. Kwa nusu rupia, yanavuka sasa hivi."

"Nein. Yatavuka bure, yakipokelewa na nguzo yangu."

"Impossible."

Wakaiweka karatasi chini ya kidau cha wino ili upepo usiichukue. Wakaagiza chai.

— Tobaa!

Semeni tena.

— Tobaa, Bibi!

Jua likapanda. Jua likafika utosini. Mwakio akaenda kukaa kwenye uji, hanywi. Uji umeganda utando.

"Mwanangu, una nini?" anauliza Mkawasi.

"Nimeapa, Mama Mghoi."

Maana karani wa waya aliapishwa kabla ya kupewa kiti: neno la waya asilitamke kwa kinywa chake, asilionyeshe kwa maandishi, ila kwa yule aliyetumiwa. Akivunja, kifungo na viboko. Na Mkawasi hajui chochote. Anaona tu kijana kila mara anatupa jicho kuelekea Bondeni.

Mama ni mama. Hakupiga kelele. Akauliza taratibu, "Umeapa kwa mdomo?"

"Kwa mdomo."

"Na karatasi?"

"Na karatasi."

"Na mkono?"

Mwakio akainua uso. Mkawasi akautazama mkono wa yule kijana: vidole vinajigonga vyenyewe gotini, ta-ta, taa, vimeshindwa kutulia. Akamwaga uji wote chini. Uji mzima wa siku! Akachukua upawa wa chuma, akamkabidhi.

"Haya. Nigongee chungu changu, nijue kama kimepata ufa."

Mwakio akaangalia upawa. Akaangalia chungu. Akagonga. Taa! Ta-ta, taa! Chungu kitupu kikalia hadi kunguru wakaruka mitini. Askari wakacheka: karani kapata wazimu wa jua. Na kule hatua saba, Mchome, aliyekuwa amejiegemeza kwenye nguzo, akasimama wima. Akasikiliza hadi mwisho. Halafu alikimbia, watoto, alikimbia hadi kiatu kimoja kikabaki njiani, akaingia kwenye chumba chake, na waya wa Mjerumani ukaanza kuita Bondeni.

Bondeni wakapiga ngoma. Watu wakapanda kilima na watoto, na mbuzi, na mikeka. Mghoi akapanda, mtoto kifuani. Wa mwisho alipofika juu, maji yakaja rangi ya udongo, yakabeba nyumba kama vibuyu.

— Walipona wote?

Hapana. Mzee mmoja wa pale, Kiondo, alikuwa amekwenda shamba la mbali tangu saa sita. Ngoma haikumfikia; maji yakamfikia. Asubuhi alikuwa kwake, anasuka kikapu mlangoni. Neno lingevuka asubuhi, lingemkuta hapo hapo.

Mnadhani wakubwa wakaona aibu? Kesho yake walikuja na kamba ya kupimia. Si kumpima maiti. Kupima chungu! Maneno kumi yamevuka, nani alipwe? Mguu mmoja wa chungu uko karibu na jiwe la Mwingereza. Miwili iko karibu na la Mjerumani.

"Miguu miwili! Chungu ni changu!" anasema Bwana Masharubu.

"Lakini mdomo umeelekea kwangu!"

Mkawasi akasimama mbele yao, kilemba begani. "Bwana Kofia, chai ulikunywa vikombe vingapi jana? Na wewe? Mzee Kiondo alikufa katika kikombe cha ngapi?"

Wakaikunja kamba yao. Makarani wote wawili wakafukuzwa kazi, wakanyang'anywa na vyeti vyao. Chungu kikapigwa lakiri nyekundu, nta ya muhuri wa serikali, askari wawili wakawekwa kukilinda, mmoja wa kila upande. Kililindwa miaka! Mpaka vita vikaja, Kofia na Masharubu wakakata nyaya zao kwa mikono yao wenyewe, mchwa wakala nguzo, askari wakasahauliwa na waliowaweka.

Ndipo msichana mmoja akaenda pale mchana kweupe, akabandua lakiri kwa kisu, akakibeba chungu kichwani hadi kwao. Alikuwa yule mtoto wa siku kumi na mbili. Ndiye mama yangu.

Sasa wewe uliyetia kidole. Chukua upawa, gonga hicho chungu cha maharage.

...Mmesikia?

Basi shikeni hili: ukiwa na neno la kumwokoa mtu, lipeleke. Usingoje wakubwa wakubaliane. Ukikosa waya, gonga chungu.

Kisa changu nimekipakua, sufuria ya kisa imebaki tupu. Leteni sahani.