Buabua Hajengi, Lakini Halowi

Buabua hajengi, lakini halowi. Mmeisikia jana kwa mama yenu, na leo tangu asubuhi mmeniganda niwaeleze. Haya, kaeni, tena mtulie. Methali hii ilianza hivi.

Bibi yangu, Bi Mize, alilima mwani huko Pemba. Paa lake la makuti lilivuja kila pembe, na mwani wa msimu ule ndio aliotegemea kupata bati kabla ya masika. Wanawake wa pwani ile walikuwa na desturi: hawaaniki mwani mpaka buabua atage. Ni ndege mdogo, hata wavuvi wengi hawamtofautishi na wenzake. Hutaga juu ya mchanga mtupu, bila hata kijiti, lakini pale alipotaga hata maji makuu ya bamvua hayafiki.

Siku hiyo Bi Mize alimwachia shemeji yake, Faki, matenga yote ya mwani. "Shemeji, uanike pale penye mayai ya buabua." Akarudi majini kuvuna.

Faki alikuwa fundi wa nyumba, na watu wa namna ile wananichosha. Alipoyaona mayai juani alisikitika. Akayahamishia chini, kwenye kivuli cha mwamba, akayajengea kiota cha mawe na makumbi, kizuri kweli. Akaanika mwani kando yake, akaenda zake.

Kesho yake bamvua ilikomba vyote, mwani na kiota.

"Faki, nilikwambia nini?"

"Nianike penye mayai, shemeji. Nami nimeanika penye mayai."

"Na mayai yalifikaje huku chini?"

"Niliyaleta mimi. Maskini, yalikuwa hayana nyumba."

"Ya Rabi! Umezaliwa pwani hii hii, Faki!"

Akamkokota mpaka juu mchangani. Buabua mmoja akaruka, na pale alipokuwa amelala pakaonekana yai ambalo Faki hakuliona, kwa kuwa rangi yake ni ya mchanga.

"Liguse."

Faki akaligusa. Lilikuwa kavu, tena lina joto.

Masika yale Bi Mize alilala katikati ya ndoo tatu. Kila tone lilipodondoka, alipaza sauti makusudi, Faki asikie kule nyumba ya pili: "Buabua hajengi, lakini halowi!"