Kihwele na Rejeta ya Alumini

Fundi mmoja wa magari, Kihwele kwa jina, alikuwa na gari la mashindano la milango miwili, la zamani, ambalo enzi zake lilipita vijijini kwa kasi mpaka kuku wakasahau banda liko wapi. Aliishi katika mji mmoja wa wapasua mbao huko nyanda za juu. Gari lilikaa nyuma ya nyumba yake miaka kumi na mmoja, limefunikwa turubai, na kila Jumamosi alilifunua, akalifuta vumbi, akalifunika tena. Mkewe alikuwa amefariki. Watoto walikuwa mbali, na maisha yao. Alipika chakula cha mtu mmoja, na mara nyingi hata hicho kilibaki.

Zamani hakuwa peke yake. Alikuwa na rafiki aitwaye Ngailo, msomaji wake wa njia. Kihwele aliendesha, Ngailo aliketi kushoto kwake na daftari mapajani, akimtajia kona kabla hazijaonekana. Kulia kali. Daraja. Shikilia mwendo. Kihwele aliingia kwenye vumbi asione hata hatua moja mbele yake, na hakuogopa, kwa sababu sauti ya Ngailo ilikuwa imetangulia. Walikwenda hivyo miaka tisa.

Katika mashindano yao ya mwisho walikuwa wanaongoza. Ngailo akatazama geji ya joto, akasema wasimame, mshale unapanda. Kihwele hakusimama. Gari likachemsha zikiwa zimebaki kilomita nne. Lilipovutwa mpaka mstari wa mwisho watu waliuliza kimewapata nini, na Kihwele, kwa aibu ya kushindwa, alisema msomaji wake amekosea kona, wamepotea, wamezunguka, ndipo gari likachemsha. Ulikuwa uongo mtupu. Mtu mwingine aliyeujua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amesimama palepale. Ngailo hakubisha. Alivua kofia yake ngumu, akaiweka juu ya boneti, akaondoka kwa miguu. Tangu siku hiyo hakuna dereva aliyemwita tena kusoma njia.

Mwaka huu, Jumatatu moja, dereva wa lori la viazi alisimama mlangoni kwa Kihwele na salamu kutoka milimani. Ngailo amepoteza macho, alisema. Binti yake anamchukua akaishi naye Bukoba, upande wa pili wa nchi, na safari ni Jumapili asubuhi. "Amesema uje," dereva alimaliza. "Hakusema zaidi."

Kihwele alielewa anaitiwa nini. Neno alilotakiwa kulipeleka lilikuwa fupi, moja tu: nilidanganya. Alikuwa amelibeba miaka yote hiyo, analala nalo, anaamka nalo. Namba ya simu ya Ngailo alikuwa nayo. Usiku ule aliibonyeza mara mbili, na mara mbili akakata kabla haijaita.

Basi la kwenda milimani lilikuwapo kila asubuhi. Lakini kwenda kwa basi ni kufika mikono mitupu, huna cha kutanguliza ila mdomo, na Kihwele aliona haya. Akawaza ni heri afike na gari lenyewe, linaunguruma kama zamani, Ngailo alisikie tangu bondeni, na muungurumo ule umsemee nusu ya maneno. Tatizo lilikuwa rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Ile ya zamani ilikuwa imeoza, ukiigusa inamomonyoka. Basi akaagiza nyingine.

Iliyokuja haikuwa ya gari lile. Za kiwandani hazitengenezwi tena. Hii ilitengenezwa na watu wengine kwa ajili ya magari ya kila namna. Ilikuwa ya alumini, nene mara mbili ya ile ya kwanza, inang'aa mpaka unajiona uso. Haikuingia. Alipima, akasogeza, akakata vyuma viwili vya mbele, akachomelea vishikio vipya. Feni ya zamani ikawa inaigusa, akaing'oa, akafunga feni ya umeme upande wa mbele. Mpira wa juu wa maji ulikuwa mfupi, akatafuta mrefu. Siku mbili zilipita hivyo, Jumatano na Alhamisi, na Kihwele alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Kazi ya mikono humlaghai mtu. Humfanya aone kwamba ameshaanza safari, na kumbe bado yuko uani kwake.

Ijumaa ilibaki kutoa hewa. Rejeta mpya ikijazwa maji, hewa hubaki imejificha ndani ya injini, na kuitoa kunataka watu wawili. Mmoja hukaa kwenye usukani, anakanyaga mafuta na kuachia, anakanyaga na kuachia, kama anavyoambiwa. Mwingine husimama mbele, mfuniko ukiwa wazi, anaminya mpira wa maji, anatazama mapovu, anaongeza maji kidogo kidogo. Ni kazi ya nusu saa isiyotaka haraka, na mafundi wawili wakiifanya lazima wapige soga. Mambo makubwa yote ya Kihwele na Ngailo yalisemewa hapo: ya ndoa, ya misiba, ya shamba la kununua au la kuacha. Boneti ilikuwa katikati yao, hawaonani nyuso, na pengine hiyo ndiyo iliyowarahisishia.

Jirani yake, Mama Sekela, alikuwa anaanua nguo. Alimwona mzee anakimbia kwenye usukani, anakimbia kwenye boneti, anarudi kwenye usukani, kama mtu anayecheza na mtoto asiyeonekana. Akasogea mpaka kwenye uzio.

"Mzee Kihwele, niingie nikukanyagie mafuta?"

"Usijisumbue, mama. Nimezoea."

"Haya baba. Nipo hapahapa, ukikwama uniite."

Hakumwita. Alikata ufito wa msonobari, akaukaza kati ya kiti na pedeli ya mafuta, injini ikakaa kwenye mlio mmoja. Ufito hauchoki, lakini pia hausikii. Huwezi kuuambia achia kidogo. Mapovu machache yalitoka, yakakoma. Kihwele akasema moyoni kwamba hewa imekwisha, akafunga mfuniko. Alipoingia ndani kutazama geji, mshale ulikuwa umelala chini kabisa, upande wa baridi. Hakuwahi kuona gari lililopoa namna ile. Alicheka kwa sauti, akageuka kutafuta wa kumwonyesha, na hapakuwa na mtu.

Jumamosi saa mbili asubuhi aliondoka. Barabara ilikuwa nzuri, jua la nyanda za juu halichomi, na gari lilikwenda kwa namna iliyomrudishia ujana. Kona zilipokuja alijitajia mwenyewe. Kulia kali. Daraja. Alijisikia mjinga, akanyamaza. Kila baada ya muda alitupia jicho kwenye geji, na kila mara mshale ulikuwa palepale, chini, umetulia. Mlima ulipoanza akaongeza mafuta bila wasiwasi. Katikati ya msitu wa misonobari alisikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha injini ikagonga mara tatu, kwa nguvu, ikanyamaza.

Alifungua boneti, moshi ukampiga usoni, na alielewa papo hapo, maana fundi ni fundi. Hewa haikuwa imetoka. Ilikuwa imekwenda kukaa palepale penye kipimo cha joto. Chini yake maji yalikuwa yanachemka na kwisha, lakini kipimo hakikuguswa na maji. Kiligusa upepo tu, kikatoa habari za upepo. Injini iliungua mpaka ikafa huku ikionyesha kwamba ni baridi.

Saa saba mchana lori la viazi lilitokea, linapanda tupu. Alikuwa yule yule dereva wa Jumatatu. Alishuka, akachungulia injini, akatikisa kichwa.

"Pole, mzee. Panda twende. Kabla ya saa kumi uko kwa Ngailo."

Kihwele aliitazama barabara, akaitazama ile rejeta. Ilikuwa bado inang'aa. Akajiona anafika juu ya lori, masizi usoni, na habari ya gari bovu, kwa mtu yule yule aliyemwambia zamani asimame, naye akakataa.

"Tangulia," alisema. "Nangoja gari la kuvuta."

"Hili nani atalibeba, mzee? Limeshakufa."

"Tangulia tu."

Dereva alikaa kidogo injini ikinguruma, labda mzee atabadili mawazo, kisha akaondoka. Gari la kuvuta halikuja. Magari mengine yalipita, mengine yakapunguza mwendo, na Kihwele aliyapungia mkono kwamba yuko salama. Jioni hayakupita tena. Alikaa kwenye kiti chake, kiti cha kushoto kikiwa kitupu, na hakuwa na pa kugeuzia macho. Alikuwa mpweke kuliko siku aliyomzika mkewe, maana siku ile angalau watu walikuwapo.

Jumapili kulipokucha aliliacha gari kama lilivyo, wala hakufunga mlango. Alitembea muda mrefu, akapata pikipiki, akafika saa nne asubuhi.

Nje ya nyumba ya Ngailo, kando kabisa ya barabara, palikuwa na kiti cha mbao. Mke wa mdogo wake Ngailo, mwanamke mmoja mpole aitwaye Tuselege, alikuwa anafagia uwanja. Alimkaribisha Kihwele kwa heshima zote, akamwambia pole na safari, kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Ngailo alikuwa ameketi pale jana kutwa nzima. Kila gari lililopita aliuliza ni gari gani, wakamwambia ni basi, wakamwambia ni lori. Jioni dereva wa viazi alimpa habari zote: kwamba rafiki yake yuko njiani, kwamba gari limemfia msituni, kwamba alipoambiwa apande alikataa. Asubuhi hii binti yake alitaka waondoke saa kumi na mbili. Ngailo aliomba wamngojee mtu mmoja kidogo. Wakangoja mpaka saa tatu, kisha wakaondoka.

"Shemeji, nilikuwa nakuja," Kihwele alisema. "Nilifunga rejeta mpya. Nilitaka alisikie gari."

Mwanamke aliinamisha macho. "Alituachia neno, tukupe ukifika. Alisema hivi: Mwambieni, mimi sikuwa nangoja gari."

Kihwele alisimama na mikono yake iliyojaa masizi. Akafungua mdomo, na lile neno lililokaa ndani yake miaka kumi na mmoja likatoka lenyewe, jepesi, wala halikuhitaji injini. "Nilidanganya, shemeji," alisema. Tuselege hakujua anasema nini. Akadhani ni uchovu, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Nawe unayenisikiliza, lile neno lako fupi, unalitengenezea gari gani kwanza?